Uwanja wa Pamoja Katikati ya Mji Mdogo

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jambo linalowapasa watu wote ambao kijiji chao kinageuka kuwa mji mbele ya macho yao. Jambo lenyewe ni hili: namna ya kupanga mtaa mdogo ambao watu wataweza kukaa, kufanya biashara na kazi za mikono, na tena kuwa na uwanja mmoja wa majani na miti ulio mali ya wote. Mahali tutakapopatumia kuwa mfano ni Kewanja, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara.

Kewanja ni kimoja cha vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, upande huu wa Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni Wilaya ya Serengeti. Mgodi huo ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002. Tangu hapo nchi ya Nyamongo imepata wageni wengi: mafundi, madereva, wachuuzi, wenye maduka na wenye nyumba za wageni. Mahali palipokuwa shamba la mahindi au malisho ya ng'ombe pamekuwa safu ya maduka. Hili si jambo la kulaumiwa, kwa maana watu hufuata riziki. Lakini yafaa tuangalie mji wa namna hii huotaje usipopangwa.

Mwenye shamba lililo kando ya barabara huuza kiwanja kimoja cha mbele. Mwaka wa pili huuza kingine, na jirani yake hufanya vivyo hivyo. Baada ya miaka michache sehemu yote ya mbele imejaa, basi viwanja vya nyuma vyaanza kuuzwa, na njia ya kuviendea ni kichochoro cha kupita mtu mmoja. Mgonjwa akizidiwa usiku, gari haliwezi kumfikia. Nyumba ikishika moto, maji hayafiki. Mvua ikinyesha, maji ya paa la huyu huingia sebuleni kwa yule. Watoto nao wakitoka shule hucheza barabarani, katikati ya malori na pikipiki.

Angalieni sana kwamba katika habari hii hapana mtu mmoja aliyetenda kosa. Kila mtu alitumia kilicho chake. Walakini matendo ya halali ya watu mia, yasipopangwa pamoja, yaweza kuzaa mji usiomfaa hata mmoja wao. Tena mahali pa wazi pakisha kujengwa hapapatikani tena, ila kwa kuvunja nyumba za watu na kuwalipa fidia.

Zaidi ya hayo, dhahabu ni mali isiyoota. Kila mgodi duniani una siku yake ya mwisho. Siku hiyo ikifika, mji utabaki pamoja na watu wake, na thamani yake itakuwa katika nyumba, njia, maji, kivuli na biashara zake. Kwa hiyo mpango wa mtaa ni namna moja ya kuweka akiba.

WAZEE WALIJUA JAMBO HILI

Mtu asidhani kwamba kuacha nafasi katikati ni desturi ya kigeni. Mji wa Mkurya wa zamani, maana Wakurya huliita boma la jamaa moja mji, ulikuwa na nyumba zilizozunguka zizi la ng'ombe. Katikati hapakuwa pa mtu mmoja. Hapo palikuwa na mali ya jamaa nzima, na kila mlango uliweza kuitazama. Ulinzi wa zizi ulitokana na macho ya watu wote.

Pwani nako watu walijifunza jambo la pili, yaani kuchanganya makazi na biashara. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba nyingi zina duka chini na watu hukaa juu. Nje ya ukuta pana baraza ya mawe ambapo majirani hukaa, huzungumza na kuuza vitu vidogo vidogo. Mwenye duka hasafiri kwenda kazini, na mtaa hauwi mtupu mchana wala usiku. Mji huo uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Sifa yao haitokani na majumba makubwa tu, bali na jinsi nyumba, duka, msikiti, kichochoro na baraza vinavyoshikamana.

Basi tukiunganisha zizi la Mkurya na duka la Mwunguja, twapata mtaa tunaoutaka: pande zote nyumba na maduka, na katikati uwanja.

MAFUNZO YA UINGEREZA NA NAIROBI

Huko Uingereza, mwaka 1898, Ebenezer Howard alitoa kitabu kilichoeleza miji yenye bustani. Bwana huyu hakuwa mjenzi. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu kwa hati za mkato. Aliona watu wa London wamebanana katika moshi, na watu wa shamba wamekosa kazi, akauliza kwa nini mema ya mji na mema ya shamba yasikutanishwe mahali pamoja. Mwaka 1903 kazi ya kujenga mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ilianza.

Wengi hukumbuka miti ya Howard, lakini fikira yake iliyo kubwa zaidi ilihusu ardhi. Alisema kwamba bei ya kiwanja haipandi kwa sababu ya jasho la mwenye kiwanja peke yake. Yapanda kwa sababu watu wengi wamekuja kukaa karibu. Kwa hiyo sehemu ya faida hiyo yapasa kuwarudia watu wote, kwa njia ya barabara, maji na viwanja vya wazi. Hapo Kewanja neno hili halihitaji maelezo marefu.

Fikira hizo zilifika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1940 mtaa wa Kaloleni ulijengwa Nairobi kwa kufuata mfano wa miji yenye bustani. Nyumba zake za chini zilipangwa kuzunguka nafasi za wazi zenye majani, na ukumbi wa watu wote ukawekwa katikati. Ukumbi huo ulipata jina kubwa katika siasa za Kenya, kwa kuwa watu walikutana hapo kusikiliza na kujadiliana.

Lakini Kaloleni pia ni onyo. Kwa miaka mingi mji wa Nairobi ulikua kuliko nyumba zake, na watu waliokosa nafasi wakaongeza vyumba na vibanda mahali palipokuwa wazi. Tujifunze kwamba kuchora uwanja katika karatasi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwapa watu nafasi ya kutosha ya kukaa na kuuza, na kuweka walinzi wa uwanja, ili haja isije ikaumeza.

HESABU YA EKARI MBILI

Sasa twaeni karatasi na kalamu, tufanye mfano. Chukueni kipande cha ardhi chenye mita 90 kila upande. Eneo lake ni mita za mraba 8,100, yaani karibu sawa na ekari 2. Pande zote nne pana barabara.

Ndani ya mraba huo, pimeni mita 24 kutoka kila upande na kuchora mraba wa pili. Mraba wa ndani una mita 42 kila upande, yaani mita za mraba 1,764. Huo ndio uwanja wa pamoja. Sehemu iliyobaki, iliyo kama fremu ya picha, ndiyo ya viwanja.

Kila kiwanja kiwe na upana wa mita 12 na urefu wa mita 24. Katika upande mrefu wa fremu, wenye mita 90, twapata viwanja 7 na lango moja la mita 6. Pande kama hizo ni mbili. Katika upande mfupi, wenye mita 42, twapata viwanja 3 na lango moja la mita 6. Pande hizo nazo ni mbili. Jumla ni viwanja 20 na malango 4.

Tusahihishe hesabu yetu. Kiwanja kimoja ni mita za mraba 288. Mara 20 ni 5,760. Malango manne ni 576. Uwanja ni 1,764. Tukijumlisha twapata 8,100, wala hapana hata hatua moja iliyopotea.

Mtu atauliza, Je, uwanja huu watugharimu nini? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni wazi. Gawanyeni 1,764 kwa 288: mtapata viwanja 6 na kitu kidogo. Hata hivyo viwanja hivyo vya katikati vingehitaji njia ya kuviendea, kwa hiyo vingepungua. Basi bei ya uwanja ni viwanja 6, wala haizidi. Kwa upande wa pili, viwanja 12 vyaugusa uwanja kwa nyuma, na jamaa zote 20 zapata mahali pa watoto, pa arusi, pa msiba na pa mkutano. Fedha za viwanja 6 hulipwa mara moja na kwisha. Uwanja hutumika kila siku, hata kwa wajukuu.

Katika kila kiwanja, mita 3 za mbele ziwe baraza yenye paa, ili mpita njia apate kivuli na mwenye duka apate pa kupanga bidhaa. Mita 10 zinazofuata ziwe nyumba: mbele duka au chumba cha kazi, nyuma vyumba vya jamaa. Mita 11 za mwisho ziwe ua wa jiko, karo na choo. Msingi ukijengwa kwa nguvu tangu mwanzo, mwenye nyumba ataweza kuongeza ghorofa siku atakapopata fedha. Hivyo ndivyo jamaa huongezeka bila kuingia uwanjani. Kuta za kutenganisha nyumba zipande kupita paa, ili moto wa nyumba moja usirukie ya pili.

Mmeona kwamba viwanja 8, viwili katika kila pembe, haviugusi uwanja. Hii si hasara tukiitumia kwa akili. Mashine ya kusaga nafaka, fundi wa kuchomea vyuma, gereji ya pikipiki na mgahawa hutaka barabara, tena huleta kelele, moshi na mafuta. Wapewe pembe. Fundi cherehani, kinyozi, duka la dawa na duka la vyakula wataweza kukaa katika viwanja vile 12, ambapo wagonjwa na watoto wachanga hulala nyuma. Kuchanganya makazi na kazi hakuna maana ya kuchanganya kila kitu mahali popote.

Malango nayo yasisahauliwe. Mawili yaliyokabiliana yawe ya gari la wagonjwa, la zimamoto na la kunyonya maji machafu. Mawili mengine yawe ya miguu, na kando yake wapewe nafasi mama lishe na wauza mboga wasio na viwanja. Mchuuzi mdogo akikosa mahali katika mpango, atajitafutia uwanjani, wala hatuwezi kumlaumu.

MAJI, JUA NA MITI

Maji ya mvua huhesabiwa kwa urahisi. Milimeta 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la nyumba yetu pamoja na baraza ni mita 12 kwa 13, yaani mita za mraba 156. Mvua ya milimeta 20 italiangushia lita 3,120, na mapaa yote 20 yatapata lita 62,400 katika mvua moja. Yakiachwa, maji hayo huchimba korongo barabarani. Basi kila paa liwe na mfereji na tangi. Maji yanayozidi yaelekezwe uwanjani kwa mtaro usio na kina, ambapo majani yatayapunguza mwendo na udongo utayanywa. Uwanja uwe chini kidogo kuliko nyumba, kwa maana ukiwa juu maji yatarudi mlangoni.

Wengi watatamani kuchimba kisima katikati. Hesabu yakataa. Toka katikati ya uwanja hata mpaka wa nyua ni mita 21 tu, na mafundi wa afya hutaka shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Afadhali uwanjani pawe na bomba au tangi, na kisima kitafutwe mahali pengine, upande wa juu wa vyoo vyote, maji yake yapimwe kabla ya kunywewa. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo mtaa wowote ulio karibu na Mto Tigithe au Mto Mara uachie umbali huo kwanza, ndipo kamba ya kupimia ivutwe.

Kewanja iko chini ya digrii 2 kusini ya Ikweta. Huko jua la adhuhuri hupiga paa, na jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo nyumba za pande hizo mbili zahitaji baraza iliyo pana na madirisha madogo. Madirisha yawekwe mbele na nyuma, ili upepo wa uwanja upite ndani.

Kuzunguka uwanja iachwe njia ya mita 3. Katikati patabaki mraba wa mita 36 wenye majani. Miti ipandwe kando kando, isipandwe katikati, ili watoto wapate pa kuchezea mpira. Mwembe, mparachichi na mwarobaini hutoa kivuli, na miwili ya kwanza hutoa chakula. Mikaratusi isipandwe hapo, kwa kuwa hunywa maji mengi, wala mikuyu, kwa kuwa mizizi yake huinua misingi.

NANI MWENYE UWANJA?

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufa. Mali isiyo na mwenyewe huliwa na wa kwanza kufika. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yatoa njia. Kwa sheria hiyo Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Mkutano huo waweza kukubali sehemu fulani iwe ardhi ya pamoja, nayo ikaandikwa katika daftari ya ardhi ya pamoja ya kijiji. Sheria hiyo pia yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, basi mjane mwenye cherehani asinyimwe kiwanja. Pale eneo litakapotangazwa kuwa la mipango miji, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo itakayofuatwa, na ramani ya mtaa itaonyesha uwanja kuwa mahali pa wazi.

Lakini daftari peke yake haifagii. Jamaa 20 na wachague kamati ndogo, wanaume kwa wanawake. Tuseme kila kiwanja kinatoa shilingi 3,000 kwa mwezi: mwaka mzima zitapatikana shilingi 720,000 za kufyeka majani, kuzibua mitaro na kuwasha taa. Hesabu zisomwe mbele ya wote. Sharti liwe fupi, ambalo hata mtoto aweza kulishika: turubai la arusi au la msiba laruhusiwa kwa siku zake, kibanda hakiruhusiwi hata kwa siku moja, ng'ombe na magari ya kulala hayaingii. Kibanda cha kwanza ndicho kizito kukizuia, kwa kuwa mwenyewe mara nyingi ni mtu mwenye shida na jirani yetu. Ndiyo sababu tulimwekea nafasi langoni mapema.

KAZI YA KWANZA

Mkiwa na nia ya kuanza, msianze kwa matofali. Anzeni kwa kumwita afisa wa mipango miji na mpima ardhi wa Halmashauri ya Wilaya, kisha itisheni Mkutano wa Kijiji, na neno la kwanza la kuamuliwa liwe ule mraba wa ndani. Ukisha kukubaliwa na kuandikwa, pigeni vigingi vyake vinne na kupanda miti yake kabla ya kuuza kiwanja hata kimoja. Mnunuzi akija auone uwanja upo, asiambiwe kwamba utakuwapo.

Nanyi vijana wa shule, mwaweza kuujaribu mpango huu katika kiwanja cha shule. Fungeni kamba ya mita 12 mafundo penye mita 3 na mita 7, kisha iunganisheni na kuivuta kwa vigingi vitatu: mtapata pembetatu ya mita 3, 4 na 5, nayo itawapa pembe iliyo sawa sawa. Chorea mraba wenu wa mita 9, uwe sehemu ya kumi ya ule mkubwa, mgawe viwanja, na kupima toka pembe hata pembe. Njia zote mbili za mshazari zikiwa na mita 12 na sentimeta 73, mraba wenu ni wa kweli. Kisha simameni katikati, mhesabu ni milango mingapi ingewatazama. Mtaa ambao watu wake wanaona uwanja wao kila wafunguapo mlango hauporwi kwa urahisi.